Neno Kabla ya Tarakimu: Maafa ya Nairobi, 1922

Mwanafunzi akusanyaye takwimu za maandamano na ghasia hana budi kulipima neno kabla ya tarakimu. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi ukidai Harry Thuku afunguliwe, nao askari wakaupiga risasi. Serikali ya kikoloni ilitangaza vifo 21. Masimulizi ya Waafrika, yakiwategemea watumishi wa chumba cha maiti, yalitaja 56. Tukiliita tukio hilo "ghasia", mtendaji ni umati. Tukiliita "mauaji", mtendaji ni askari. Basi jedwali lenye jina moja na hesabu moja limekwisha kutoa hukumu. Haki yadai hesabu zote mbili ziandikwe, na kila jina litajwe pamoja na aliyelitoa.