Lisansi ya Miaka Mitano na Mlango wa Uzamili wa Informatiki Lubumbashi

Katika mji wa Lubumbashi jina la Kenya halielekezi Nairobi. Ni jina la komini, mojawapo ya makazi makongwe ya Waafrika katika mji huo wa madini, penye soko mashuhuri na uwanja wa mpira unaoitwa Kibassa Maliba. Katika nyumba za komini hiyo neno lisansi lina leo maana mbili chini ya paa moja. Kwa mzazi aliyehitimu kabla ya mageuzi ya 2021 ni miaka mitano ya masomo. Kwa mwanawe anayekwenda kila asubuhi kampasi ya Kasapa ni mitatu. Tofauti hii haikuzaliwa na uvivu wa vijana, kama inavyosemwa pengine, bali na historia ya mfumo wenyewe. Uzito wake huonekana mtu anapoomba nafasi ya kusomea uzamili, hasa katika fani changa kama informatiki.

Mfumo wa kwanza ulitoka Ubelgiji. Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kiliundwa mwaka 1955, kikafungua milango mwaka 1956 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alipata lisansi yake Louvain, Mkongomani wa kwanza asiye padri kuhitimu chuo kikuu. Ngazi zilikuwa kandidatura, kisha lisansi, kisha udaktari. Uzamili kwa jina hilo haukuwako, wala haukuhitajika. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kilatini, ni ruhusa: aliyelipata aliruhusiwa kufundisha.

Fani inayozungumzwa hapa ilikuwa bado haina hata jina. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutoa diploma ya kutumia mashine za kukokotoa mwaka 1953, na chuo cha Purdue, Marekani, kikaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962. Mwaka huo ndipo Mfaransa Philippe Dreyfus alipounganisha maneno mawili, habari na uendeshaji wa kujiendea wenyewe, akapata jina ambalo wasemaji wa Lubumbashi hulitamka informatiki. Mwenzao wa Dar es Salaam husema sayansi ya kompyuta. Mmoja amechukua jina la tendo, mwingine jina la chombo, nao husoma vitu vilevile.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vitatu, vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Wanafunzi walikuwa wamepambana na serikali hiyo, na muungano ulirahisisha kuwadhibiti. Hata hivyo mageuzi hayo yaliacha kitu kilichodumu nusu karne: graduati ya miaka mitatu, ikifuatwa na lisansi ya miaka miwili. Graduati ilimalizika kwa kazi ya mwisho wa mzunguko, lisansi kwa tasnifu iliyotetewa mbele ya walimu. Muungano ulivunjwa mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata jina lake la sasa, lakini ngazi hizo zilibaki, na informatiki ikasomwa kwa kuzifuata, bega kwa bega na hisabati.

Juu ya lisansi palikuwa na mzunguko wa tatu, na hapo ndipo njia ilipokuwa nyembamba. Mzunguko huo huhitaji maprofesa wa kuusimamia. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Ubelgiji ikasitisha ushirikiano wake na Zaire. Mlango wa nje ulipofungwa, wengi waliotaka kupanda juu ya lisansi walielekea kwingine, baadhi yao nchi za mashariki.

Huko walikuta mizani nyingine. Vyuo vya desturi ya Kiingereza kwa kawaida hudai shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Lubumbashi haina daraja hilo. Ina ridhaa kuanzia alama 50 kwa mia, na tofauti ya heshima kuanzia 70, ambayo walimu wake huitoa kwa mkono mzito. Zaidi ya hayo, lisansi ilitafsiriwa mara nyingi kuwa shahada ya kwanza kwa sababu tu ndiyo iliyotangulia udaktari kwa jina, na miaka miwili pamoja na tasnifu ikayeyuka katika tafsiri. Hili ni kosa la kamusi kabla ya kuwa kosa la ofisi.

Azimio la Bologna la 1999 liliifanya Ulaya yenyewe kuacha mfumo ilioupeleka Kongo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilielekeza Kongo njia hiyo, na kikao kikuu cha elimu ya juu kilichofanyika Lubumbashi Septemba 2021 kikaharakisha utekelezaji. Lisansi mpya ni krediti 180, masta ni 120 zaidi. Krediti hupima kazi yote ya mwanafunzi, si saa za mwalimu ubaoni peke yake, na iliyopatikana haipotei. Zamani aliyeanguka aliweza kurudia mwaka mzima.

Wapo wanaodai kwamba, kwa kuwa mitatu na miwili ni mitano, lisansi ya zamani ni masta bila mjadala. Hesabu ni sahihi, hoja ni pungufu. Aliyehitimu informatiki miaka ya tisini huenda alijifunza kuandika programu kwenye karatasi kwa kukosa mashine, huku hisabati yake ikiwa imara kuliko ya wengi wa leo. Kinachoweza kumtetea ni orodha ya masomo yake, mwaka baada ya mwaka, na tasnifu aliyoiandika. Bahati mbaya, fomu nyingi za maombi zina nafasi ya jina la shahada tu.