Seli za Shahamu: Kutanuka na Kuongezeka

Mtu akinenepa, Kiswahili hutosheka na kitenzi kimoja tu. Ndani ya mwili wake, hata hivyo, huenda yametokea mambo mawili tofauti. Seli zilizokuwapo zimejaa mafuta zikatanuka, kwani kipenyo cha seli moja huweza kutoka maikromita 20 hadi 200. Au seli changa zimekomaa, na idadi imepanda. Vitabu vya tiba huliita la kwanza haipatrofia na la pili haipaplasia. Napendekeza tuseme kutanuka kwa seli na kuongezeka kwa seli. "Kuvimba" hakufai, maana msikilizaji atadhani kuna jeraha au ugonjwa.

Hata seli zenyewe ni afadhali tuziite seli za shahamu. Mafuta ni ya taa, ya kupikia, ya gari na ya kujipaka. Shahamu ni ya mwilini, na mchinjaji yeyote anaijua.

Tofauti hii ya kutanuka na kuongezeka ina uzito. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walipima katika seli za shahamu kaboni-14 iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika angani, mengi yao kabla ya mkataba wa 1963 ulioyapiga marufuku. Kaboni hiyo huingia katika vyakula, kisha katika DNA ya seli inapozaliwa, hivyo humwonyesha mtafiti umri wa seli. Waligundua kwamba kila mwaka takribani asilimia 10 ya seli za shahamu za mtu mzima hufa na nyingine huchukua nafasi zake. Jumla haibadiliki sana: huwekwa utotoni na katika ujana. Hata waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji wakakonda sana, miaka miwili baadaye walikuwa na seli zilezile kwa idadi, ila zimenywea. Kwa hiyo matangazo yanayoahidi kuziondoa seli hizo kwa chai au vidonge yanawadanganya watu, na hilo linanikera.

Lishe, basi, kwa mtu mzima hugusa zaidi ukubwa kuliko idadi. Si kanuni isiyo na mwanya: watu wazima waliolishwa kupita kiasi kwa wiki chache walionyesha seli za tumboni zikitanuka, huku za mapajani zikiongezeka.

Uzee nao una njia yake. Seli changa hupoteza uwezo wa kukomaa vizuri, na mafuta yaliyohifadhiwa hutolewa polepole zaidi. Shahamu ya chini ya ngozi, hasa ya miguuni na mikononi, hupungua. Ile inayozunguka matumbo huzidi, na nyingine hujipenyeza kwenye ini na misuli. Mzee anaweza kubaki na kilo zilezile za miaka kumi iliyopita huku hatari ya kisukari ikiwa imepanda, ndiyo maana daktari humpima kiuno pamoja na uzito.