Mwanza, kituo cha mwisho kutoka London

Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliruka kutoka Croydon, pembezoni mwa London, kuanza safari ya kila wiki ya kuleta barua Afrika Mashariki. Kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza.

Kwa mstari ulionyooka, London hadi Mwanza ni kilomita 6,800 hivi, karibu sawa na London hadi Nairobi. Barua zilichukua siku kumi hivi. Marubani walisafiri mchana na kulala usiku, mafuta yalijazwa kila baada ya saa chache, na mifuko ilihamishwa njiani kutoka ndege hii hadi ile. Italia nayo ilikuwa na vikwazo kwenye anga yake, hivyo katika miaka hiyo abiria wa Afrika walishushwa Ulaya, wakapanda treni kukipita kipande hicho, ndipo wakarudi angani.

Kuanzia Khartoum kuja huku zilitumika ndege zenye tumbo la boti, za kutua majini. Viwanja vilikuwa haba, na Ziwa Victoria lilikuwepo tayari, pana, lisilohitaji kufyekwa. Lakini ziwa lina tabia zake. Liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi pamoja na joto huipunguzia ndege nguvu. Maji yakitulia tuli, huling'ang'ania tumbo la ndege lisibanduke. Dawa yake ni mashua ya injini kutangulia mbele kuyatibua, na mashua hiyohiyo huangalia kama kuna mtumbwi au gogo njiani. Mawimbi ambayo mvuvi huyaogopa, rubani wa ndege ile aliyaomba, ilimradi yawe madogo.

Mwanza haikukaa na cheo chake hata mwaka mzima. Januari 1932 njia ilifikishwa Cape Town, na kutoka Kisumu ndege zikashika ya Nairobi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini zilizokwenda Durban, zamu ikawa ya pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Ndiyo, Lindi! Mji ambao wengi wetu tunaujua kwa korosho na barabara ndefu ulikuwa kwenye njia kuu ya anga kati ya Uingereza na Afrika Kusini.

Miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilileta viwanja virefu vya nchi kavu, na mwaka 1950 shirika la BOAC, mrithi wa Imperial Airways, liliachana na ndege za majini. Tarehe 2 Mei 1952 ndege yake ya jeti, Comet, ilibeba abiria 36 kutoka London hadi Johannesburg chini ya saa 24. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kando ya ziwa letu, ni Entebbe pekee iliyobaki kwenye ratiba hiyo.

Kila saa iliyookolewa tangu hapo imetolewa kwenye mji fulani uliorukwa. London hadi Nairobi leo ni saa nane na nusu hivi, bila kutua popote. Msafiri wa Mwanza anayekwenda London hana ndege ya moja kwa moja. Huanza kwa kutafuta ndege ya kumtoa Mwanza.