Dianthini

Dianthini ni protini za majani ya karnesheni (*Dianthus caryophyllus*), ua lililokuwa miongoni mwa mazao ya mwanzo ya mashamba ya maua ya Naivasha, nchini Kenya, kabla ya waridi kutawala.

Zilielezwa mwaka 1981 na mtafiti Fiorenzo Stirpe na wenzake. Hung'oa besi moja ya adenini kutoka RNA ya ribosomu, karakana ya seli inayounda protini. Kazi husimama, na virusi hukosa pa kuzaliania. Majaribio ya awali yalionyesha kwamba zinazuia virusi vya mozaiki ya tumbaku.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliripoti protini mbili za karnesheni, DAP 30 na DAP 32, zilizozuia VVU katika seli za maabara. Habari njema, ila maabara si wodi: protini hizi zaweza kudhuru ribosomu za mgonjwa pia, na kinga ya mwili huweza kuzishambulia kama kitu kigeni.

Anayenunua shada la karnesheni kando ya barabara ya Naivasha asichemshe majani yake akidhani ni dawa. Dianthini hazijaidhinishwa kutibu ugonjwa wowote wa virusi.