Kutoka Digodigo Hadi Ufuko wa Tanga

Haikuwa ada ya watu wa Digodigo, katika nchi ya Wasonjo ambao wenyewe hujiita Batemi, kuyahama makao yao kwa ajili ya kustarehe ufukweni, kwa kuwa mifereji iletayo maji ya chemchemi mashambani, penye mtama na viazi vitamu, ilikuwa chini ya amri ya wazee waitwao wenamiji, na aliyepitwa na zamu yake ya maji alihatarisha riziki yake. Wala Ziwa Natron lililo jirani halikuwa badala ya bahari, maana maji yake ni ya magadi makali.

Reli ndiyo iliyoikurubisha pwani. Wadachi waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Tangu hapo mume na mke wa bara wenye kipato haba waliweza kuketi daraja la tatu, kapu la chakula miguuni, na kushukia penye upepo wa chumvi.

Garimoshi la abiria lilisita miaka mingi, kisha likarejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, ila sasa huelekea Dar es Salaam. Basi mume na mke waendao Tanga au Pangani na washuke Korogwe, wapande basi, wasafiri baada ya mavuno wala si wakati wa masika, na, ili kupunguza gharama, walale nyumba ya wageni mjini, kwani bahari yenyewe haina kiingilio.