Paa la Waya Juu ya Kifaru



Mwezi Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma, katika nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulishambuliwa kwa ndege zisizokuwa na rubani. Mwezi Mei 2025 ndege za namna hiyo ziliupiga mji wa Port Sudan kwa siku kadhaa. Vita ambayo wengi wetu tuliizoea kuisikia katika habari za Ulaya Mashariki imekwisha kuingia katika ujirani wetu. Pamoja nayo linakuja swali linalowasumbua askari wa vifaru popote walipo: je, nondo na mabati ambayo askari wenyewe huyachomelea juu ya kifaru huokoa maisha, au huwatuliza roho tu?

Swali hilo si geni. Lina umri ule ule wa kifaru. Tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza walipovitoa vitani vifaru vyao vya kwanza katika mapigano ya Mto Somme, huko Ufaransa, baadhi yake vilikuwa vimefunikwa kwa kiunzi chenye wavu wa waya, kilichoinama pande mbili kama paa la nyumba, ili bomu la mkono likitupwa juu liteleze na kuanguka chini. Paa hilo halikudumu sana. Hata hivyo, ni jambo la kutiliwa maanani kwamba chombo hicho cha kutisha kiliingia vitani siku yake ya kwanza kikiwa tayari na hofu ya kitu kitokacho juu.

Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, Wajerumani walianza kuning'iniza mabamba membamba ubavuni mwa vifaru vyao. Hata leo wapo wasemao kwamba mabamba yale yalikuwa kinga dhidi ya makombora. Sivyo. Yalikusudiwa kuzipunguzia nguvu risasi za milimita 14.5 za bunduki za Kirusi za kupigia vifaru. Nalitaja kosa hilo kwa sababu hujirudia mara nyingi: mtu huona chuma kimeongezwa, kisha hukisia kazi yake, na baadaye mwingine hufia makisio hayo.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Wamarekani. Mwaka 1944, askari wao wa vifaru aina ya Sherman walikutana na silaha ya Kijerumani iitwayo Panzerfaust, ambayo mtu mmoja wa miguu aliweza kuifyatua akiwa nyuma ya ukuta. Ndani ya kichwa chake mna baruti yenye shimo mfano wa faneli, lililofunikwa kwa bamba la madini. Baruti ilipuukapo, bamba hilo hubanwa likawa mshale mwembamba uendao kwa kasi kubwa mno, na mshale huo ulitoboa kiasi cha milimita 200 za chuma. Askari wakajaza mchanga katika magunia, wakayafunga mbele na ubavuni. Wengine walifunga magogo, na wengine minyororo ya akiba. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hapana mtu aliyekuwa na haki ya kuwacheka.

Lakini Jenerali George Patton, kamanda wa Jeshi la Tatu, aliyapiga marufuku magunia hayo. Wataalamu wake wa silaha walimweleza kwamba mchanga hauuzuii mshale ule, bali huongeza uzito, huchosha injini na huharibu springi. Katika Jeshi la Saba, chini ya Jenerali Alexander Patch, magunia yaliendelea, na katika Divisheni ya 14 ya Deraya yalifungiwa ndani ya vizimba vya chuma vilivyotengenezwa rasmi. Majeshi mawili ya nchi moja, yakipigana na adui mmoja, yalikuwa na amri mbili zinazopingana. Wala tusimwone Patton kuwa mkaidi tu. Mapema mwaka 1945 aliamuru mabamba ya deraya yakatwe kutoka vifaru vilivyokwisha kuharibika, yakachomelewe kwenye vile vilivyo vizima. Yaani aliikataa dawa isiyoponya, lakini hakumkatalia mgonjwa kwamba anaumwa.

Vizimba vya chuma navyo vina elimu yake. Fito zilizofungwa kwenye magari ya Marekani aina ya Stryker nchini Iraq kuanzia mwaka 2003 zilipangwa kwa nafasi iliyopimwa, ili kichwa cha kombora la RPG-7 kinase katikati, kipondeke, na umeme wa kukilipua ukatike. Fundi akikosea nafasi hiyo, amejenga ua wa bustani. Na wale waliokosa fito hizo? Mwezi Desemba 2004, huko Kuwait, askari mmoja alimwuliza hadharani Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, kwa nini wao walazimike kuchimbua majalala kutafuta vyuma vya kuyakinga magari yao. Ukumbi ulipiga makofi.

Tufike Ukraine. Kifaru cha kisasa kina deraya nene mbele, kwa kuwa ndiko alikotazamiwa adui. Juu ya mnara wake mna sentimita chache tu. Katika vita vya Nagorno-Karabakh vya mwaka 2020, ndege zisizo na rubani za Azerbaijan ziliviangamiza vifaru vingi vya Armenia kutoka huko huko juu. Mwishoni mwa mwaka 2021 vifaru vya Urusi vilionekana vimewekewa dari za vyuma. Vita ilipopanuka Februari 2022, dari hizo zilichekwa, na kwa sehemu kicheko kilikuwa cha haki, kwa maana kombora la Javelin lina vichwa viwili: cha kwanza huondoa kizuizi, cha pili hutoboa. Kisha zikaja droni ndogo za bei ya dola mia chache, zinazoongozwa na mtu aliyevaa miwani ya picha, ziwezazo kuzunguka na kuingia kwenye mlango ulioachwa wazi. Mbele ya hizo dari ilipata kazi. Waukraine nao wakajenga zao, na kuanzia mwaka 2023 viwanda vya Urusi vikawa vinavitoa vifaru vikiwa tayari na dari.

Aprili 2024, karibu na Krasnohorivka katika jimbo la Donetsk, kilitokea kifaru kilichofunikwa kizima kwa mabati, kama banda linalotembea. Kilistahimili droni nyingi kabla ya kurudi kilikotoka. Ila mnara wake haukuweza kuzunguka, dereva aliona kwa shida, na endapo moto ungezuka ndani, wafanyakazi wake wangepaswa kutafuta njia kati ya vyuma walivyovichomelea kwa mikono yao. Hesabu hiyo hufanywa na kamanda kabla ya kutoka karakanani, wala si baada ya kupigwa.

Mwezi huo huo, vifaru vya Abrams, ambavyo Marekani ilikuwa imeipatia Ukraine 31, viliondolewa mstari wa mbele kwa ajili ya droni. Viliporejea baadaye mwaka huo, vilikuwa vimezungushiwa nyavu za chuma.