Saa 1000: Balbu ya Umeme na Uchakavu Uliopangwa, 1924–1939

Ni kawaida kudai kwamba ushindani wa soko ndio unaowasukuma wenye viwanda kufupisha uhai wa bidhaa. Historia ya balbu ya umeme inaonyesha kinyume. Mnamo Desemba 1924, kampuni kubwa za balbu, zikiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, zilifunga mkataba mjini Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Ziligawana masoko, kisha zikakubaliana kwamba balbu ya kawaida ya nyumbani iwake saa 1000, ilhali nyingi za wakati huo zilidumu saa 1500 hadi 2000. Viwanda vilipeleka sampuli Uswisi zikapimwe, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiwango kilitozwa faini. Faini ya kutengeneza kitu imara!

Utetezi wao haukuwa uongo mtupu. Waya wa balbu ukiwaka kwa joto kali zaidi hutoa mwanga mwingi kwa umeme uleule, lakini hukatika mapema. Tume ya Uingereza iliyochunguza uhodhi wa soko iliikubali hoja hiyo mwaka 1951. Hata hivyo, hoja hiyo haielezi kwa nini mnunuzi hakuachiwa achague mwenyewe kati ya mwanga na uhai. Kwa mtazamo wetu, hakuachiwa kwa sababu hakuwa na muuzaji mwingine wa kumkimbilia. Ushirika wa Luma ulipoanza kutengeneza balbu zake Stockholm mwaka 1931, bei zilishuka nchini Uswidi. Vita vya 1939 viliuvunja umoja wa Phoebus, lakini kipimo cha saa 1000 kiliendelea kutumika viwandani.